Dakika ya Sabini

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa tawi la mashabiki la Kamanga, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona mechi hata moja ya timu yetu ikiisha. Na bado nilikuwa na maoni. Nilikuwa na maoni juu ya kipa, juu ya mabeki, juu ya makocha wote, juu ya refa na wasaidizi wake, mpaka juu ya yule bwana anayechora mistari ya chokaa, maana upande mmoja alikuwa anaupinda. Mimi nina mdomo, sikatai. Mume wangu, ambaye ni fundi wa mitumbwi na shabiki wa timu moja ya Dar, anasema Mungu aliponiumba alianza na mdomo, akaona umetosha, vingine akavimalizia harakaharaka.

Acha nieleze kwa nini mechi zilikuwa haziishi. Kamanga ni ng'ambo, upande wa Sengerema. Mji wa Mwanza tunauona kabisa, mawe yake na mapaa yake, lakini katikati kuna ziwa. Mimi napika chakula pale kivukoni: ugali, wali, sato wa kukaanga, sangara wa mchuzi, na asubuhi chai. Uwanja uko Kirumba, mjini. Mechi zinaanza saa kumi jioni, na kivuko chetu cha mwisho, kwa ratiba ya wakati ule, kilikuwa kinaondoka saa kumi na mbili, na hakimsubiri mtu hata awe nani. Sasa ukitoa muda wa mapumziko, ukitoa foleni ya Kirumba na kugombania bodaboda, mtu wa Kamanga lazima ainuke uwanjani dakika ya sabini. Ukipitiliza hapo unalala mjini kwa ndugu ambaye hakukualika.

Basi tulikuwa tunainuka. Watu kama ishirini hivi, wote kwa mpigo, na mwenyekiti wetu mbele. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Ikifika dakika ya sabini anatazama saa yake ya mkononi, ananyoosha mkono juu, na sisi tunasimama kama darasa la nne. Jukwaa zima la mzunguko linaanza kutuimbia, "Kivuko, kivuko, kivuko." Hayo tulishayazoea. Kilichowauma wenzetu ni ngoma. Ngoma kubwa ya jukwaa lile ilikuwa mali ya tawi letu, ngozi yenyewe ilitoka kwa ng'ombe wa mwenyekiti, na hatukuwa tayari kuiacha ilale mjini kwa watu. Tukiinuka sisi, na ngoma inainuka, na Kirumba panabaki na makofi tu.

Mechi iliyobaki tulikuwa tunaimalizia majini. Redio moja, vichwa ishirini, injini inanguruma, upepo unapiga. Tulikuwa tunasikia, "Anaingia kwenye boksi, anapiga," halafu inakuja kelele kama mtu anakaanga vitunguu, halafu tangazo la mbegu za mahindi. Matokeo tulikuwa tunayapata kwa simu tukishafika nyumbani.

Lakini nani alinizuia kusema? Kipa wetu alikuwa na mikono mizuri, hilo nampa. Tatizo lake maneno. Ikipigwa kona anapanga mabeki kama anayepanga wageni wa harusi, wewe kaa hapa, wewe sogea, wewe hamia kule, na akiwa bado anapanga mpira umeshampita. Beki wa kushoto alikuwa anapanda vizuri mno, ila kurudi ndiyo mtihani. Huyo ningemtuma chumvi dukani, mchuzi ungepoa. Straika alikuwa mrefu, anaruka kuliko wote kwenye ligi, bahati mbaya alikuwa anaruka kabla mpira haujafika. Nahodha ndiye sikuwa na neno naye. Yule alikuwa anakaba mpaka kivuli.

Na makocha je? Wa kwanza niliyemjua alitoka nje ya nchi na alikuwa na mkalimani. Anaongea dakika nzima, mikono inaruka, mishipa ya shingo imesimama, halafu mkalimani anawageukia wachezaji na kusema, "Anasema mkabe." Hakumaliza msimu. Wa pili alikuwa mcha Mungu. Tunafungwa tatu bila, yeye anasema tushukuru hakuna aliyevunjika. Mimi kanisani nakwenda, kila Jumapili ambayo hatuna mechi, lakini yule alinichosha. Wa tatu ndiye huyu ninayetaka kusimulia habari zake. Alikuwa wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mpole, kofia moja msimu mzima, na alikuwa anasimama pembeni kafunga mikono kifuani kama mtu anayesubiri ugali uive. Hafoki. Hamrushii refa maneno. Mimi mtu asiyefoka nilikuwa simwamini.

Namba kumi wetu sasa. Hapo niache niseme taratibu, maana mpaka leo nikimkumbuka moyo unanienda mbio. Alikuwa mtoto wa kwetu, kijiji cha pili ukitoka Kamanga, na alipokuwa anavuka kwenda kujaribiwa mjini mara za kwanza alikuwa anakula kwangu, kichwa cha sangara na ugali wa mtu mzima. Mguu wa kushoto aliopewa huyo sijui Mungu alikuwa amefurahi nini siku hiyo. Wachezaji wengine mpira ukiwafikia wanaupiga. Kwake yeye mpira ulikuwa unatulia. Anaegemea kulia, mabeki wawili wanakwenda kulia, yeye yuko kushoto anatembea. Nilishawahi kulia kwa pasi. Siyo goli, pasi tu, na mwenyekiti akanipa leso yake.

Kila Jumanne, siku ya gulio, mama yake alikuwa anakuja Kamanga na viazi vitamu vyake, akishauza anakaa kwenye benchi langu anaagiza chai na kuuliza, "Mwanangu kachezaje?" Namsimulia yote, kuanzia wanaingia uwanjani. Yule mama alikuwa hajawahi kuvuka kwenda kumwona. Anaogopa maji, na anaogopa zaidi kuona mtoto wake akikwatuliwa. Alishaniambia mara nyingi kwamba siku akisikia mwanawe kaumia, hata kidogo, atamrudisha nyumbani akalime, na mpira ndiyo basi.

Na kila Jumanne habari yangu ilikuwa inaishia palepale, kwenye uonevu. Maana kila mechi, dakika ya sitini na tatu, sitini na tano, ubao wa kubadilisha wachezaji unainuliwa na namba nyekundu ni kumi. Kila mechi. Anaingia kijana mmoja mfupi, wa mbio nyingi, ambaye kwa macho yangu hakuwa amewahi kufanya lolote. Sasa hebu fikiria, mimi nilikuwa namwona kwa dakika tano, na katika dakika hizo tano alikuwa bado anatafuta pa kusimama.

Namba kumi akishatoka alikuwa haketi benchi. Anapita moja kwa moja chini ya jukwaa kuu, anaingia vyumbani, hatazami nyuma. Tukasema, mnaona, kakasirika. Yeye na kocha hawaivi chungu kimoja. Timu ikishinda baada ya hapo, tulikuwa tunasema namba kumi alishawachosha mabeki, hao wengine wameokota tu. Ikifungwa, tunasema kocha katoa moyo wa timu. Kwa hesabu hiyo ulikuwa huwezi kukosea hata ungetaka.

Msimu ule tulikuwa pabaya, tunanusanusa mstari wa kushuka daraja. Nikaona sasa inatosha. Nikafunga banda mapema, nikakaa chini, nikaandika barua. Niseme ukweli wangu, ilikuwa barua nzuri. Juu nikaweka: YAH: KOCHA KUIHUJUMU TIMU KWA KUMTOA NAMBA KUMI. Nikaorodhesha kila mechi na dakika aliyotolewa, nikaomba uongozi umwondoe kocha mara moja. Mwenyekiti akasahihisha nukta na mikato kwa kalamu nyekundu, mkono umezoea, ikabidi niandike upya. Tukapiga muhuri wa tawi, tukaurudia ili usomeke. Nikaipiga picha, nikaitupa kwenye kundi la mashabiki wote la simu. Birika la chai ya asubuhi lilikuwa halijaisha, matawi mengine yalishaniunga mkono na kuongeza aya zao.

Ikabaki mechi moja. Uongozi wa timu ukatoa tamko: tukishinda tunabaki ligi kuu na kocha anabaki, tusiposhinda tunashuka, na kocha anafungasha siku hiyohiyo. Tena kabla ya mechi matawi yakutane naye, yamweleze malalamiko yao uso kwa uso. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia kila aliyekula kwangu siku hiyo kwamba barua yangu ndiyo iliyowaamsha.

Tulikutana katikati ya wiki, asubuhi, kwenye ukumbi mmoja wa Mabatini. Kocha alikuwa amefika kabla yetu, kofia kaivua kaishika mkononi. Akanifuata mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikajibu, fupi, nikapita.

Nikaitwa nisome barua. Nikaisoma yote, kwa sauti, kila mechi na dakika yake, watu wanapiga makofi, mimi mwenyewe nasikia raha. Yeye anasikiliza tu. Nilipokaa, akasimama.

"Mama, ahsante. Umeandika kwa uangalifu. Naomba kuuliza kitu kimoja. Yeye akishatoka, huwa inakuwaje uwanjani?"

"Tunazidiwa," nikasema.

"Mpaka dakika ya ngapi?"

Nikaitazama barua, dakika zangu zote zinaishia sitini na tano. Nyuma yangu mtu wa tawi la Kirumba akasema, "Kocha, hao ni watu wa kivuko. Hao dakika ya sabini wanakuwa na ngoma yao barabarani." Ukumbi ukaangua kicheko. Kocha yeye hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, watu wa Kamanga tuliokaa benchi moja, na nikamwona anaelewa kitu.

"Kwa hiyo hamjawahi kuona mechi ikiisha," akasema, taratibu.

"Huwa tunamalizia redioni," mwenyekiti akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi aliyesahau daftari.

"Sawa mwalimu. Mimi habari za mchezaji siwezi kuzisema ukumbini. Na hasa mbele ya watu wa Kamanga, mniwie radhi sana. Ila Jumapili huenda ni mechi yangu ya mwisho hapa. Ninawaomba mkae mpaka mwisho, mara moja tu. Halafu mseme mnavyotaka."

Hasa mbele ya watu wa Kamanga. Maneno hayo yalinikera njia nzima majini. Sisi tuna nini? Nikafika nyumbani nimevimba, nikamsimulia mume wangu aliyekuwa anapiga randa ubao wa mtumbwi. Alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Miaka sita unanisimulia mechi," akasema, "kumbe unanisimulia robo tatu." Kisha akafuta macho, akaniangalia vizuri. "Sasa mke wangu, mtu anafukuzwa kazi kwa robo tatu?"

Hilo lilinichoma. Nilijitahidi kulicheka, likakataa kuchekeka. Kesho yake nilimpigia simu katibu wa timu, nikamwambia tawi la Kamanga linaomba kuiondoa barua yake. Akaniambia kwa upole kwamba haiwezekani, matawi yote yameshaifuata, uongozi umeshaamua, sasa uamuzi uko uwanjani. Nikakata simu. Nilikaa mbele ya sufuria la mchuzi nikijua kwamba kuna mtu mzima, labda ana watoto shuleni, na kazi yake imening'inia kwenye mwandiko wangu. Nilikuwa nataka ushindi kila mara, lakini wiki ile niliutaka kwa sababu nyingine kabisa.

Tukaitisha kikao cha tawi. Daraja la Busisi lilikuwa limeshafunguliwa, kwa hiyo mtu akitaka kurudi Kamanga kwa barabara anaweza, ni kuzunguka sana tu na vumbi la kutosha. Tukakodi fuso la kubebea mihogo litangulie likatusubiri Kirumba. Tukakubaliana: Jumapili haondoki mtu. Mpiga ngoma akauliza mara mbili kama ni kweli.

Jumapili Kirumba ilikuwa imejaa mpaka juu ya mawe ya nje watu walikuwa wamekaa. Mpira ukaanza, na nakwambia namba kumi siku hiyo alicheza kama anayeaga. Aliwapiga chenga watatu akarudi akawapiga tena, eti hawakuona vizuri. Lakini dakika ya ishirini na kitu wakapata kona, kipa wetu akaanza kupanga wageni wake, mpira ukamkuta bado anamwonyesha mtu kiti. Moja bila. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kabla ya mapumziko namba kumi akapokea mpira katikati, akainua kichwa, akaupiga kwa ule mguu wa kushoto kutoka mbali, na ukaenda ukiinama mpaka ukaingia pembeni kabisa juu. Moja moja. Mwenyekiti alinikumbatia, mtu ambaye katika miaka sita alikuwa hajawahi kunishika zaidi ya mkono. Lakini sare ilikuwa haitusaidii. Sare tunashuka, na yule mwenye kofia anafungasha.

Kipindi cha pili, dakika ya sitini na tatu, ubao ukainuliwa. Kumi, nyekundu.

Uwanja mzima ulisimama. "Mwache! Mwache!" Watu wanarusha kofia, wanalia. Tunataka goli moja tubaki ligi kuu, na huyu mtu anamtoa mfungaji, siku ambayo kazi yake mwenyewe inategemea goli hilohilo. Na mimi nilishafungua mdomo, nakiri, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamtazama kocha. Alikuwa kafunga mikono kifuani vilevile, hakugeuka kutazama majukwaa. Nikasema moyoni, mtu anayejihujumu hivi ama ni mwendawazimu ama anajua kitu. Nikaufunga mdomo. Namba kumi akatoka, akapita chini ya jukwaa kuu, akaingia vyumbani, hakutazama nyuma. Kijana mfupi akaingia.

Tukazidiwa kweli, dakika tano, dakika saba. Ikafika ya sabini. Mwenyekiti akatazama saa, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukapanda juu. Jukwaa likaanza, "Kivuko, kivuko, kivuko." Yeye akautazama mkono wake kama si wake. Akaushusha, akaivua ile saa, akaitia mfukoni. Mpiga ngoma akanigeukia.

"Piga," nikamwambia.

Akapiga. Ikapita dakika ya sabini na moja, sabini na mbili, ngoma inalia. Nikaona nahodha wetu anainua kichwa na kutazama upande wetu, halafu na wengine mmoja mmoja. Baadaye nahodha aliniambia kwamba kwao wao ngoma kunyamaza ilikuwa alama ya kila mechi: watu wameondoka, zimebaki dakika ishirini za kujitegemea. Miaka sita tulikuwa tunawaacha watoto wa watu pale kila ilipokuwa ngumu, halafu tunawaandikia barua.

Nyie, baada ya dakika ya sabini kuna mpira mwingine kabisa. Sikuwa najua. Jua la Kirumba linashuka mpaka linampiga usoni kipa wa upande wa pili. Mabeki wao, waliozungushwa na namba kumi saa nzima, mikono iko kiunoni, midomo wazi. Na yule mfupi niliyekuwa namdharau, huyo ambaye kwangu alikuwa mtu wa dakika tano, alianza kuwapita kama wamefungwa kamba. Sabini na tisa akagonga mwamba. Themanini na tatu kipa wetu akaokoa mpira ambao ulikuwa umeshaingia machoni mwangu, nikamsamehe kona na wageni wote. Nilikuwa nimeushika mkono wa jirani yangu, mtu wa Kirumba nisiyemjua jina, na nadhani nilimwachia alama za kucha.

Dakika ya themanini na tisa beki wa kushoto akapanda. Nikasema haya, huyo kaenda, harudi. Akapiga krosi. Straika wetu akaruka mapema kama kawaida yake, mabeki wawili wakaruka naye, na wote watatu walikuwa wanashuka chini wakati mpira unapita juu yao. Nyuma yao kulikuwa na kijana mfupi peke yake, kasimama pale kama aliyeambiwa asubiri. Akaugusa tu. Mbili moja. Nikatazama kwa kocha na nikaelewa kwamba hata ule urukaji wa straika alikuwa ameupangia matumizi.

Sikumbuki kelele. Nakumbuka niko chini ya benchi na kiatu kimoja, na mwenyekiti anapiga ngoma kwa ngumi, mpigaji mwenyewe amezimia au amejilaza. Filimbi ya mwisho ikalia. Filimbi yangu ya mwisho ya kwanza. Nikasimama nikawa nalia waziwazi, na sikutafuta leso.

Watu walifunguliwa geti wakamwagika uwanjani. Mimi nilikwenda kumtafuta kocha, nina maneno yangu. Kwenye kundi hakuwepo. Nikazunguka mpaka kwenye mlango wa vyumba, na hapo nikasimama. Namba kumi alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, mguu kaunyoosha, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba mpaka halina umbo. Kocha kapiga magoti sakafuni, analiwekea mfuko wa barafu. Ilikuwa barafu ya samaki, ya kutoka soko la Mwaloni pale jirani, na ilikuwa inanuka sangara.

Namba kumi aliponiona alishtuka kama mwizi. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Hili tangu lini?"

"Msimu wa pili huu."

"Daktari kampa dakika sitini na tano," kocha akasema, hajainua uso. "Ndiyo maana anakimbilia ndani, baada ya hapo halikunji. Ligi imeisha, sasa anakwenda kufanyiwa upasuaji. Alinisihi nisimwambie mtu. Hasa wa Kamanga."

"Mama yangu akijua atanirudisha nyumbani," namba kumi akasema. "Na wewe mama ukijua, mama yangu kajua."

Alisema kwa heshima zote, na alikuwa amesema kweli tupu. Kwa hiyo siri ile ilikuwa imefichwa kwa sababu yangu, na mtu alikuwa tayari kufukuzwa kazi na kutukanwa uwanja mzima kuliko kuitoa. Nikamwambia kocha, "Ile barua niliandika mimi." Akasema anajua, mwandiko wangu mzuri. Nilitaka kuomba radhi sawasawa, lakini mashabiki walikuwa wameshamwona, wanakuja kumbeba.

"Mama, shika hapa," akaniambia harakaharaka. "Usiachie mpaka nirudi."

Wakamwinua juu, kofia ikaanguka. Mimi nikapiga magoti nikashika. Goti lilikuwa la moto chini ya barafu ile, na maji yalikuwa yananitiririkia mpaka kwenye viwiko. Ziwani king'ora cha kivuko kikalia, saa kumi na mbili kamili, mlio ambao miaka sita nilikuwa nausikia nikiwa ndani ya kivuko chenyewe.

"Mama, kivuko hicho," namba kumi akasema.

"Kiache kiende," nikamwambia.

Ninayaandika haya sasa kwa sababu goti lilipasuliwa, likapona, na mama yake aliambiwa na mwanawe mwenyewe alipokuwa ameshaanza kukimbia. Lakini Jumanne ile ya gulio ilikuwa bado siri. Akaja kama kawaida, akatua gunia tupu, akakaa kwenye benchi langu. Banda lilikuwa limejaa, na mume wangu alikuwa mle anakunywa chai.

"Mwanangu kachezaje?"

"Kacheza vizuri sana. Kafunga, na tumeshinda."

"Na yule kocha kamtoa tena?"

"Kamtoa. Dakika ya sitini na tatu."

Akajiweka sawa kwenye benchi, anasubiri nianze. Banda zima lilikuwa linasubiri nianze. Mume wangu aliweka kikombe chini kabisa. Nilikuwa nayo yote pale mdomoni, kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeiona mechi nzima mpaka mwisho wake.

"Na ndivyo inavyotakiwa," nikasema, nikaenda kuosha sahani.